Sura ya Sita: Roboti na Lumbesa

Lori likirudi nyuma hadi mlangoni mwa ghala, wa kwanza kushuka ni utingo, na kazi yake ya kwanza ni kutia jiwe nyuma ya tairi. Turubai linafunguliwa, vumbi jekundu la njia nzima linawamwagikia walio chini, na kuli wa kwanza anasogea akiwa amevaa gunia tupu kichwani, pembe moja imesukumwa ndani ya nyingine, mkia wake unaning'inia mgongoni hadi kiunoni. Wenzake wawili walio juu ya shehena wanamshushia mzigo begani. Anaondoka kwa mwendo ambao si wa kutembea wala si wa kukimbia, maana mwenye kilo hamsini begani akisimama amejiongezea uzito. Mlangoni karani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana fungu la vijiti mkononi. Kila apitaye anachukua kimoja. Jioni vijiti vinahesabiwa, na malipo yanafuata vijiti.

Kwingine huwa ni vifuniko vya soda, punje za mahindi au vipande vya kadi vyenye mhuri. Mtindo ni uleule. Ukimuuliza karani kwa nini anahangaika na vijiti ilhali leja ipo, na siku hizi hata kishikwambi kipo, jibu huwa fupi: leja ni ya mwenye mali, kijiti ni cha mbebaji.

Nimeianza sura hii kwa kijiti makusudi, kwa kuwa vitabu vya aina hii huanza na Amazon. Basi tuipitie Amazon upesi. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilinunua kampuni nyingine ya Marekani, Kiva Systems, kwa dola milioni 775. Kiva walikuwa wamegundua jambo dogo lenye faida kubwa. Katika ghala la kawaida mfanyakazi hutembea kutwa nzima kutoka rafu hadi rafu, na muda mwingi anaolipwa unaishia miguuni. Wao waliifanya rafu itembee. Kimashine kifupi, bapa, kinaingia chini ya rafu, kinainyanyua na kumpelekea mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Julai 2025 Amazon ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja katika maghala yake.

Anayesoma habari hizo akiwa Kasulu hukisia moja kwa moja kwamba siku moja vimashine hivyo vitafika na huku, na kuli atarudi nyumbani. Sidhani kama mambo yatakuja kwa mpangilio huo. Kwa jinsi ninavyoyatazama maghala ya nyanda hizi za juu za Kigoma, mashine imeshaingia, ila imepitia mlango mwingine. Imemwendea karani kabla ya kuli.

Tutazame kwanza mabega. Hakuna aliyewahi kuhifadhi na kugawa shehena kubwa zaidi katika Buha, nchi ya Waha, kuliko mashirika yanayohudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa makumi ya maelfu, wengine wakisombwa na meli ya MV Liemba kutoka Kagunga hadi mjini Kigoma, Nyarugusu ilivimba kupita watu 150,000 na kuwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Oktoba mwaka huohuo Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Januari 2016 ikafuata Mtendeli, wilayani Kakonko.

Piga hesabu ya kambi moja tu. Watu 150,000, kila mmoja nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku: unga, maharage, mafuta, chumvi. Hizo ni tani 75 kila siku. Kwa mgao wa siku 28 ni tani 2,100, yaani magunia 42,000 ya kilo hamsini, au malori 70 ya tani thelathini. Gunia moja halibebwi mara moja. Linapakiwa ghala la mbali, linashushwa ghala la wilayani, linapakiwa tena, linashushwa kambini, linabebwa hadi kwenye kizimba cha mgao. Hizo ni mara tano, sawa na safari 210,000 za begani kwa mwezi mmoja kwa kambi moja.

Kama kuna mahali Afrika Mashariki pangestahili roboti, ni hapo. Lakini endelea na hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kubeba gunia kutoka lori hadi lundo ni shilingi 200. Kuyashusha magunia yote 42,000 kwa mara moja ni shilingi milioni 8.4. Folklifti moja, hata iliyokwishatumika, inakula makumi ya milioni kabla hujanunua dizeli, kabla hujamtafuta fundi, na kabla hujamwaga zege. Nalo zege si dogo. Vimashine vya Kiva vilitambua njia kwa kusoma vibandiko vya bakodi vilivyobandikwa sakafuni. Chakula cha wakimbizi kwa sehemu kubwa kimekaa ndani ya mahema makubwa ya turubai juu ya mbavu za chuma, yaliyosimamishwa kwenye moramu iliyoshindiliwa. Mvua za Buha zinaanza Oktoba na kuendelea hadi Mei. Kibandiko gani kitadumu sakafuni hapo?

Kuna jambo zito kuliko tope, nalo ni muda. Mashine ya ghala hurudisha gharama yake kwa miaka. Kambi haiahidi miaka. Mtabila ya Kasulu ilifungwa mwaka 2012, na leo jina hilo ukilitaja vijana wanafikiria kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Nduta ilifungwa, ikakaa kimya, ikafunguliwa upya. Mtendeli iliyofunguliwa Januari 2016 ilifungwa Desemba 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta. Hata kambi ikibaki wazi, mzigo wenyewe unapanda na kushuka kwa uamuzi wa wafadhili walio mabara mengine. Agosti 2017 mgao ulishushwa hadi asilimia 62 ya kipimo kamili cha kilokalori 2,100. Juni 2023 ukafika asilimia 50. Mgao ukipungua nusu, folklifti haipungui nusu. Vibarua wa siku ndio wanaopungua, kwa neno moja la msimamizi asubuhi langoni. Wepesi huo wa kumwacha mtu ndio unaomfanya awe rahisi kuliko chuma, na sioni haya kulisema hivyo kwa sababu kila anayesimama langoni saa kumi na mbili asubuhi analijua.

Mara moja tu kambi hizi ziliwahi kuonja mustakabali wa kweli wa ghala, nao haukuwa na roboti hata moja. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza Nyarugusu kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha badala ya chakula. Walianza na watu 10,000, wakafika 80,000. Ghafla magunia ya watu 80,000 yakawa hayana haja ya kupita ghalani. Wachuuzi wa Makere na Kasulu waliyaleta wenyewe kwa Fuso, kwa pikipiki na kwa baiskeli, kila mmoja na akiba yake kidogo chini ya meza. Mwaka 2017 serikali ilisitisha utaratibu huo, magunia yakarudi. Wahandisi wanaokesha wakitafuta namna ya kulifanya ghala lijiendeshe wangetazama kwa makini miezi ile. Njia ya haraka kuliko zote ya kuondoa kazi ghalani ni kuliondoa ghala.

Sasa nje ya kambi, kwenye mahindi na maharage ya wenyeji, kuna kikwazo cha aina nyingine, ambacho sijawahi kukiona kikitajwa katika maandishi ya watu wa roboti. Kinaitwa lumbesa.

Msomaji wa Dar es Salaam anaijua lumbesa kwa macho: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha juu kilichofumwa kwa kamba, mpaka linasimama kama bibi harusi. Sheria ya Vipimo inasema kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, na maofisa wa Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiisema sheria hiyo redioni miaka nenda miaka rudi. Lumbesa ipo. Ipo kwa kuwa mnunuzi anataka kununua kwa gunia na kuuza kwa kilo, na mkulima wa kijijini, mbali na lami, hana mizani wala hana mnunuzi wa pili anayesubiri barabarani.

Roboti inaweza kunyanyua kilo 130 bila kulalamika. Isichoweza ni kuishi na gunia ambalo leo ni kilo 104 na kesho ni 131. Biashara nzima ya kupanga, kuhesabu na kusafirisha kwa mashine inasimama juu ya ahadi moja, kwamba kitu kilichoandikwa hamsini ni hamsini. Bakodi ilisomwa dukani mara ya kwanza mwaka 1974 huko Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu, na iliwezekana kwa kuwa pakiti ile ilikuwa sawa na mamilioni ya wenzake. Lumbesa haina mwenzake. Kila moja imefumwa na mkono wa mtu kwa kadiri ya ujasiri wake siku hiyo. Kuli mzoefu huijua lumbesa kabla haijagusa bega lake. Huitazama kamba, husonya, na bei hupanda. Tangu lini mashine ikasonya?

Ndiyo maana otomatiki ya kweli kuliko zote katika uhifadhi wa nafaka nchini imekwepa gunia kabisa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kwa mkopo kutoka Poland, umejenga vihenge vya kisasa katika vituo vinane: Babati, Dodoma, Shinyanga, Makambako, Mbozi, Songea, Sumbawanga na Mpanda. Mradi huo ulipangwa kuongeza uwezo wa kuhifadhi kwa tani 250,000. Huko mahindi yanamwagwa shimoni kutoka kwenye lori, mitambo inayapandisha juu, inayasafisha na kuyakausha, na vihisishi vilivyoning'inizwa ndani ya kihenge vinampa mtu aliye ofisini joto la punje kwenye kina asichoweza kukifikia kwa mkono. Hakuna kuli pale ndani. Hakuna lundo, hakuna chaga, hakuna panya wa kumtegea. Lakini angalia orodha ya vituo vinane, utafute Kigoma. Cha karibu ni Mpanda. Mahindi yakitoka huko kuja kulisha watu wa Nyarugusu na Nduta yanarudi kuwa gunia, na gunia linarudi kuwa bega. Januari 2019, WFP na NFRA walipotia saini ununuzi wa tani 36,000 za mahindi, mkataba ulisomeka kwa tani. Aliyeushusha huku mwishoni aliusoma kwa magunia.

Kuhusu umeme na barabara sitakaa sana, kwa sababu hali inabadilika haraka. Hadi mwaka 2022 Kasulu, Kibondo na Kakonko ziliishi kwa majenereta ya dizeli, na mashine ya ghala inayotegemea betri ingekuwa mzaha. Oktoba mwaka huo gridi ya taifa ikawasili kutoka Nyakanazi. Lami nayo, ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ni kilomita 260 za mradi mmoja. Atakayeandika sura hii miaka kumi ijayo hatakuwa na visingizio nilivyonavyo.

Turudi kwa karani, maana huko ndiko mashine ilikoingia.

Mwishoni mwa mwaka 2009 yalianza majaribio ya kuhesabu akiba ya dawa za malaria kwa simu za mkononi katika wilaya tatu za Tanzania: Lindi Vijijini, Ulanga, na Kigoma Vijijini, majirani wa Kasulu. Wahusika walikuwa wakubwa: Wizara ya Afya, Novartis watengenezaji wa dawa mseto, IBM, Vodafone na ushirika wa kimataifa wa Roll Back Malaria. Mradi wenyewe, SMS for Life, ulikuwa mwepesi kiasi cha kuchekesha. Kila Alhamisi kompyuta ilituma ujumbe kwa simu ya mhudumu wa zahanati kuuliza vifurushi vingapi vimebaki. Mhudumu akafungua kabati, akahesabu aina nne za dawa mseto, kila moja kwa umri wake, na kwinini ya sindano, akajibu kwa tarakimu. Aliyejibu kwa wakati alirushiwa salio. Aliyechelewa alikumbushwa. Wiki ilipoanza, mganga mkuu wa wilaya alikuwa na picha ya makabati yote.

Vituo vilikuwa 129, na majaribio yalidumu wiki 21. Kwa wastani asilimia 95 ya majibu yalipatikana, na wakaguzi walipokwenda kuhesabu wenyewe walikuta takwimu zilizotumwa ni sahihi kwa asilimia 94. Tafadhali zisome tena namba hizo, hasa kama wewe ni mtu wa ofisini unayeamini kwamba huko vijijini hawajui kujaza fomu. Mhudumu yuleyule ambaye fomu yake ya karatasi ilichelewa miezi, alijibu ujumbe wa Alhamisi kwa sababu ulimuuliza swali fupi, ulimfuata mfukoni, na ulimlipa kidogo.

Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa vilikuwa asilimia 78 wiki ya kwanza. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikwisha kabisa kufikia wiki ya nane. Kigoma Vijijini haikufika huko. Ujumbe ulitumwa vilevile, ulijibiwa vilevile, na bosi wa wilaya aliuona vilevile. Tofauti ilikuwa upande wa pili wa ujumbe. Ujumbe unaweza kusema kabati ni tupu. Hauwezi kuchukua boksi mjini na kuvuka nalo mto. Kila ninaposikia habari za maghala yenye akili bandia nakumbuka hili: unaweza kujua kwa usahihi wa asilimia 94 kwamba huna kitu.

Wapo waliodhani ndege zisizo na rubani zingeziba pengo hilo. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, kampuni ya Zipline ilianza Oktoba 2016 kurusha damu kwa hospitali kutoka Muhanga. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba Tanzania ingefuata kwa vituo vinne, kuanzia Dodoma, mapema 2018. Mpango haukuanza kama ulivyotangazwa. Sina uchungu nao. Ndege ya kilo moja na nusu za damu ni jambo jema kwa mama anayetoka damu, lakini haina la kusema juu ya magunia 42,000.

Kilichobaki kutoka wiki zile 21 ni mazoea. Kuanzia hapo mtunza stoo wa serikali, wa shirika au wa chama cha ushirika amezoea kwamba kuna mtu mbali anayeiona rafu yake. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ikaleta mfumo wa kielektroniki wa usafirishaji wa dawa. Mwaka huohuo, kwenye kambi za Kakuma na Dadaab nchini Kenya, wakimbizi wakaanza kuweka kidole kwenye kioo kabla ya kupewa chakula. Stakabadhi ghalani, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2005 na ambayo ilianza na makaratasi, sasa inaishia kwenye mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania: mkulima anaweka ufuta au dengu ghalani, na wanunuzi wasioonana wanashindana bei kwenye skrini. Kuli anabeba gunia vilevile kama babu yake. Kila kinachoandikwa juu ya gunia hilo kimebadilika.

Na babu yake, ikiwa ni Muha, alijua kitu kuhusu kuandikwa.

Wakati wa Waingereza, Kigoma, Kasulu na Kibondo hazikutakiwa zilime cha kuuza. Zilitakiwa zitoe watu. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na maelfu ya vijana wa Buha waliandikishwa, wakapandishwa treni na kupelekwa Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 kwa ajili ya kubeba mizigo ilibeba pia wanaume waliokwisha kuhesabiwa.

Shambani kila mmoja alikabidhiwa kipande. Hiki kilikuwa kadi yenye nafasi thelathini. Akimaliza kazi ya siku, nafasi moja ilitiwa alama. Asipomaliza, ilibaki nyeupe. Mshahara ulikuja zikijaa thelathini, hata kama zimechukua wiki sita. Kadi aliishika yeye, ila kalamu ilishikwa na nyapara. Wazee waliorudi kutoka mkongeni wana simulizi nyingi za siku nyeupe, siku ambayo mtu alikata mkonge hadi jua likazama, na kadi haikujua. Kenya kipande kilikuwa na la ziada: tangu miaka ya 1920 kilibeba alama za vidole vya mwenyewe.

Silinganishi kishikwambi na mkongeni ili kumtisha mtu. Kuhesabiwa kwa kidole kumewafaa wengi ambao jina lao lingekuwa limekwisha kuliwa na mwingine kabla hawajafika kwenye foleni. Naleta kipande kwa sababu kinaonyesha mahali pa kutazama. Watu wa maghala yanayojiendesha wanatuambia mashine haikosei hesabu, na kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Mkongeni nako kuhesabu hakukuwa kugumu. Mtu yeyote huweza kuhesabu hadi thelathini. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ana nakala.

Katika mgao wa chakula kwa mikono, kopo la kupimia lilikuwa wazi. Mama aliyefika kizimbani aliliona kopo, aliona limejaa au limepunjwa, na kama mgao umeshushwa alijua kwa kuwa kopo lilibadilika. Aliweza kupiga kelele. Mashine inapopima ndani ya boksi na kutoa risiti, kelele inaelekezwa wapi? Mkulima anayeleta maharage kwenye mizani ya kidijitali anaona tarakimu nyekundu, kisha anasikia makato ya unyevu kutoka kwenye kipima unyevu ambacho hajawahi kukishika. Huenda kipimo ni sahihi kuliko jicho la mnunuzi yeyote aliyewahi kuing'ata punje na kusema haijakauka. Lakini punje aliweza kuing'ata na yeye.

Nilisema mashine imemwendea karani kabla ya kuli. Kuna kundi lingine inaloliendea kwa kasi zaidi, nalo halipo mlangoni, limeketi nyuma ya ghala kivulini. Ni wanawake wanaochambua maharage.

Maharage ya Kigoma yanatoka shambani yamechanganyika: ya njano, mekundu, ya madoadoa, na ndani yake mawe, punje zilizokunjamana, zilizooza, zilizotobolewa na wadudu. Mnunuzi wa mjini anataka rangi moja. Kwa hiyo gunia linamwagwa juu ya turubai, akina mama wanakaa kulizunguka na ungo zao, na vidole vinakimbia kuliko maneno, ingawa maneno nayo hayapungui. Nimeshawahi kukaa nao kujaribu. Kwa muda ambao mimi nilitenga ungo mmoja, aliyekuwa kando yangu alikuwa amemaliza mitatu na amenisimulia habari za mkwewe.

Kwa kazi hii mashine ipo, na si ya kubuni. Punje zinaporomoka moja moja kwenye mfereji mbele ya kamera. Punje isiyo na rangi inayotakiwa inapigwa na mfyatuko wa hewa na kuangukia pembeni. Haihitaji sakafu ya marumaru, haijali lumbesa kwa kuwa gunia limeshafunguliwa, na inahitaji umeme, ambao sasa upo. Inaitosha kona ya ghala la kawaida. Mfanyabiashara wa maharage mwenye soko la nje atainunua siku nyingi kabla hajafikiria kitu cha kunyanyua gunia. Utabiri wowote wa ajira za maghala huku unaowatazama wanaume walio mlangoni na kuwasahau wanawake walio nyuma umesoma ghala nusu.

Nao wana hesabu zao. Hulipwa kwa debe au kwa gunia lililokamilika, na kila mmoja hujiwekea alama: fundo kwenye pindo la kanga, au maharage mekundu yaliyofichwa kwenye kiganja, moja kwa kila debe. Mwandishi wa leja ana orodha yake. Hesabu zikilingana, hakuna neno.

Mlangoni, jioni, hali ni hiyohiyo. Kishikwambi kinasema 600. Vijiti vimekusanywa na ni 603. Huenda karani aligusa skrini mara moja pale walipopita watu wawili. Huenda mtu aliokota kijiti njiani. Lori limeshaondoka na haliwezi kuulizwa. Basi mlango unaachwa wazi kidogo ili mwanga uingie, karani anaipindua ndoo na kuketi tena, kuli wanachuchumaa kumzunguka, vijiti vinamwagwa chini, na wanaanza kuvipanga kumi kumi.